Dawati la Vikapu

Manzini, 3 Juni

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi na mtoto tunapumua, tushukuru.

Nakuandikia humu kwenye dawati letu la mtandaoni, lile tulilofungua kwa oda za vikapu. Liko lote ndani ya kivinjari. Nikilifunga, kwenye kompyuta ya Mancoba hakibaki kitu. Mume wangu huyo anadhani napanga oda. Mama, amenivunja kidole. Mzee wa Ng'ombe, baba yake, aliona akageuza uso. Naogopa. Ukisoma, futa.

Mwanao, Phetsile

Siteki, 4 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, ila goti, na sasa moyo. Kidole kimevunjika na bado hutaji jina la baba mkwe, eti Mzee wa Ng'ombe, mwiko ni mwiko! Mke wa Kiswazi kamili wewe. Ningecheka kama nisingekuwa nalia. Jumatano, Mancoba akienda kazini, mchukue mtoto mpande basi hadi Nhlangano kwa mama yako mdogo. Usije kwangu, hapa ndipo atakapoanzia kukutafuta. Soma, futa, na kabla hujatoka ufunge dawati. Usisahau kufunga.

Mama

Manzini, Jumatano 8 Juni

Mama mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nina haraka na nimesahau, ulisema nikafikie kwa nani? Baba mkwe Mbhekeni amenipa nauli. Jibu upesi.

Mwanao, Phetsile

Siteki, 8 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, goti limepoa. Wewe na usahaulifu wako! Ni Piggs Peak, kwa mjomba Zwelakhe. Ukishuka stendi usiondoke, kaa hapo hapo umsubiri. Mimi nalisha kuku, sina wasiwasi.

Mama

Nhlangano, 10 Juni

Mama,

Hujambo? Tumefika, na mtoto amekula.

Hili ni dawati jipya, nimelifungua kwenye simu ya mama mdogo. Lile usiingie tena. Sikulifunga, Mama. Mtoto alianza kulia, nikakimbia. Jana nililifungua hapa nikakuta barua yangu ambayo sikuiandika, na jibu lako chini yake. Nilipofika kwenye lile jina nilielewa kwa nini ulimtuma Mancoba Piggs Peak. Juu ya ukurasa palisomeka: Phetsile yupo, anaandika. Nami nilikuwa sijagusa kitu.

Mama mdogo anasema mimi si mkwe wao tena, nilitaje tu hilo jina, nione kama mbingu itaanguka. Nimejaribu mara tatu. Mdomo unakataa.

Mwanao, Phetsile