Bakuli Alilonywea Mjukuu Wangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, mimi ni mjane wa miaka sitini na nane, nakaa hapa mji wa Quimper, na kwa miaka thelathini nimekusanya vyombo vya kale vya udongo vilivyochorwa kwa mkono, sikuvifungia kabatini kwani nilisema chombo kisichotumika ni maiti, basi mjukuu wangu Nolwenn, miaka mitatu, nashinda naye tangu mkaza mwanangu Gwenola arudi kazini, na kila siku namtilia mtindi katika bakuli la masikio mawili, anakunywa mbio amwone mwanamke aliyechorwa chini, sasa Jumamosi nilimpelekea Hervé, fundi wa vyombo, aliunge sikio moja, akaligeuza, akauliza, "Hili la ukutani, sivyo?" nikamwambia, "Ukutani wapi! Mjukuu wangu analinywea mtindi," hakucheka, akasema, "Soizic wee, rangi hizi za kale zina madini ya risasi, na uchachu ndio unaoyatoa, tazama mng'ao ulivyokwanguka," na tangu hapo silali, mtoto amepauka, analalamika tumbo, na Gwenola alishanionya, "Mama, hayo makumbusho yako mtoto usimlishie," nikamcheka, je, nikimwambia si ataninyang'anya mtoto, au ninyamaze tu nibadilishe bakuli yaishe?
Soizic

Mama Soizic,
Barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Nilikupigia siku ileile. "Umeshamwambia?" Ukajibu, "Bado mwanangu, nangoja Jumapili." Jumapili! Sumu haina Jumapili. Nilikufokea, na sikuombi radhi. Ulimpa mtoto kizuri kuliko vyote ulivyo navyo, hilo nalijua. Lakini ulipokwisha kujua, kila siku ya kunyamaza ikawa hatia yako.

Ulikwenda, ukasema. Gwenola akambeba mtoto hadi kwa daktari. Risasi imo damuni. Si ya kulazwa, ila ya kufuatiliwa, na kipimo cha pili ni Alhamisi. Akakwambia, "Kwa sasa Nolwenn haji kwako, Mama."

Kubali. Usilie mlangoni kwake, wala usimtume mwanao akuombee. Mwandikie daktari kila chombo alichotumia mtoto, na tangu lini, hata kile unachoona aibu kukitaja. Vya kale vyote vitoke jikoni leo, na wewe mwenyewe ukapimwe, maana ulikula humohumo.

Unaogopa Alhamisi. Hata mimi naiogopa. Lakini usipige simu kuuliza, watakuita wao. Wakikuita, nenda mikono mitupu, ukae pale Gwenola atakapokuonyesha.