Sanamu ya Pili Shambani

Mbuba, Ngara

Mjukuu wangu Editha,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Babu yako anakohoa kidogo tu, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Unauliza utawazuiaje pongo, hao swala wa vichakani, wasikumalizie maharage hapo nyumbani kwako Kaniha. Mwaka ule wakimbizi wa vita walipovuka mpaka pale Rusumo, nami sijaolewa bado, nilisimika sanamu ya miti bustanini kwetu, nikaivika koti la baba lisilofuliwa ili linuke mtu. Kila asubuhi niliihamisha, maana pongo huizoea upesi.

Asubuhi moja yenye ukungu nikakuta sanamu mbili. Ile ya pili ilinyoosha mikono vilevile, lakini ilikuwa inatetemeka, na mgongoni mwake akalia mtoto mchanga.

"Dada, usinikate," mwanamke yule akasema.

Ndipo nikakumbuka panga mkononi mwangu, nililolibeba kwa kuogopa watu kama yeye. Nikalitupa, nikamfunika mtoto kwa koti la baba.

Wewe tundika nguo ulizozivaa, uzihamishe kila siku. Ila ukienda kuzikagua, panga liache ndani.

Ni mimi bibi yako