Mkungu wa Maonyesho Umepikwa

Stellah, pokea simu! Haya basi, soma. Mama mkwe amepika mkungu wangu wa ndizi. Ule wa maonyesho ya kilimo hapa Hamugembe. AMEUPIKA.

Ule ule niliousafirisha kutoka Muleba nimeuviringisha kwa kanga kama mtoto mchanga, usichubuke. Bila mkungu ule nani atanunua miche yangu? Mche wenyewe ni majani mawili tu, hauna cha kumvutia mtu.

Nilimwambia, Mama, naitwa kwenye semina, nilindie banda, mtu asiuguse. Akasema, "Nenda mwanangu, nipo."

Narudi namkuta ANAPAKUA. Ndizi na maharage! Banda la jirani wanaonyesha majiko banifu, eti wakamwazima moja, wakafurahi kupata cha kupika.

Nikamuuliza, Mama, umefanya nini? Akanishangaa mimi! "Watu wanapita tangu asubuhi, wanakodolea macho chakula, wanaondoka na njaa. Uchoyo huu mmejifunzia wapi nyie wa mjini?"

Uchoyo! Mimi! Mbele ya Hamugembe nzima!

Hapo hapo majaji wakaingia. Kabla sijafungua mdomo, kila mmoja ana sahani mkononi. Wamekula, Stellah. Mwenyekiti wao ameongezewa mara mbili, akamshukuru Mama kwa Kihaya safi, akanawa mikono.

Kisha akanigeukia mimi, bado anajifuta mdomo:

"Haya dada, tuonyeshe huo mkungu."