Pikipiki Zisizosikika

Mama, hamjambo huko Keringet? Nakuru kumekucha na ukungu mwepesi, ni kama bado naota. Unajua nilitumwa kupima kama boda boda za umeme zimepunguza moshi mjini. Zimepunguza kweli. Zinapita kama upepo, nami nilikuwa naziandikia sifa tupu, mpaka mzee mmoja kipofu aliposimama kando yangu.

"Boss, barabara iko wazi?" akauliza. "Mimi huvuka kwa masikio, na hizi mpya sizisikii. Jana moja ilinigusa koti."

Nikamshika mkono, nikafumba macho, tukasikiliza pamoja. Ndege tu, na mtu akifagia mbali. Ghafla kitu kikapita karibu na miguu yetu. Nikafumbua macho: pikipiki ya umeme.

"Umeona?" mzee akasema taratibu.

Mwenye pikipiki alirudi kuomba msamaha. Mzee alipomweleza shida yake, dereva huyo aliondoka akipiga mluzi mpaka mwisho wa barabara, na mzee akageuza uso kuufuata, akitabasamu.

Ripoti yangu sasa inaanza na ombi la pikipiki hizi kuwekewa kengele. Salimia nyumba yote, Mama, na ujifunike vizuri, baridi ya huko naijua.

Mtoto wako, Chebet