Tulichokiita kelele za kawaida

Mwenzangu upo? Nimeishiwa nguvu kabisa.

Unamkumbuka Kipara, mzamiaji wetu aliyepotea chini ya gati? Si tulimtafuta na zile maikrofoni za majini, tukaambulia kimya?

Leo nimesikiliza rekodi yenyewe, kabla mashine haijaichuja.

Anagonga.

ANAGONGA, mwenzangu. Chuma kwa chuma. Mara tatu, anapumzika, mara tatu. Vile vile alivyokuwa akitugongea mlango wa ofisi.

Si unajua huwa tunapima kwanza kelele za kawaida za maji, ili mashine izitoe tubaki na sauti ngeni? Siku ile tulipima yeye akiwa tayari chini, tayari anagonga. Mashine ikadhani ndiyo sauti ya bahari. Kila alipogonga, ikamfuta.

Nikamwonyesha bosi. Akavua miwani. "Umechoka, nenda nyumbani."

Nyumbani!

Nikamkuta mama yake Kipara mapokezi. "Mwanangu, hata kidogo hamkusikia?"

Bosi yuko nyuma yangu, akaniwahi: "Kimya kabisa, mama."



Mama wa watu akanishika mkono, akanishukuru kwa kumtafuta mwanawe.

Akanishukuru, unasikia?