Bunduki Aliyoniachia Baba

Lorna mwanangu,

Supu iko jikoni, ipashe moto. Bunduki ya kuwindia kindi ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa ule wenzo wa kukokia. Usije ukaisugua kwa msasa! Huo ukahawia ndio uzee wake.

~~Jirani yetu Orville akija kuinunua, mpe.~~ Haiuzwi.

Nisamehe kwa kukufokea asubuhi. Ile namba iliyochongwa kwenye bunduki umeisoma sawasawa: ilitengenezwa 1951. Babu yako alifariki 1949. Kumbe bibi yako, mjane aliyewafulia wachimba migodi nguo, aliinunua mwenyewe, akanipa akisema, "Baba yako alikuachia hii." Amenyamaza mpaka leo. Mwanamke yule!

Nimekwenda kwake. Nitamwambia tu bunduki ya baba bado haikosei shabaha.

Baba