Askari Mia Tano wa Andongwisye

Tunduma, 14 Juni 2009

Kwa dada yangu mpendwa Ferista,

Shikamoo dada. Habari za Igamba, za kahawa na za hiyo baridi yenu? Mimi sijambo, sabuni na mafuta ya kula yanavuka mpaka kila siku. Naandika kwa sababu kwenye simu ukikasirika unakata.

Dada, mimi na Fortunata tulipima. Tumekutwa na virusi wote wawili. Siku hiyo nililia, sikufichi. Lakini baadaye wakatupima CD4, na hapo Mungu akaweka ukweli mezani. Mimi nina 520. Mke wangu ana 160. Unakumbuka baba alivyotufundisha? Kahawa ukiimwaga kwenye maji, nzima inazama, mbovu inaelea. Fortunata ameelea. Mwenye namba ndogo ndiye aliyeanza zamani, kwa hiyo ndiye aliyeleta. Mimi hata dawa sikupewa. Wameniambia nirudi baada ya miezi sita, na kwa namba kama hii sioni nikarudie nini.

Nimemwita mzee Rubeni, mshenga wetu, amrudishe kwao Hasamba pamoja na karatasi ya majibu, wakwe waone kwa macho yao. Najua ana mimba. Mtoto akizaliwa tutaangalia.

Wewe ni mkubwa wangu. Naomba baraka zako, mukwai.

Mdogo wako,
Andongwisye


Igamba, 21 Juni 2009

Andongwisye,

Marahaba. Kahawa haijambo, baridi haijambo, mimi sijambo. Mgonjwa ni wewe, na sizungumzii damu.

Baraka? Ningekuwa nazo za kugawa ningeanza na mbuzi wangu, wana akili kukuzidi. Na hiyo "mukwai" ya kubembelezea wateja wako wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ibaki hukohuko.

Umeketi kliniki, umeelezwa, umetoka na akili ya dukani: kubwa ni faida, ndogo ni hasara. CD4 ni askari wa mwili, mjinga wewe. Wanachukua damu kidogo wanahesabu askari waliomo. Hawahesabu virusi, hivyo vina kipimo chake. Na hakuna mashine inayosoma jina la aliyeleta. Askari wanapungua mtu akiwa na mimba, wanapungua akiwa na homa, na watu wawili walioambukizwa siku moja hawapungui sawasawa. Punje ya kahawa ikielea inakuambia imetobolewa, basi. Imewahi kukuambia mdudu alianzia mti upi? Hiyo 160 maana yake Fortunata anahitaji dawa mapema, yeye na aliye tumboni. Wewe umeigeuza hati ya talaka.

Marehemu shemeji yako Jonasi unamkumbuka. Tulipopimwa, yeye alikuwa na mia tatu na kitu, mimi tisini. Na Igamba nzima inajua ni nani kati yetu aliyekuwa akilala nje. Naye aliisifia namba yake kama wewe, akasema inatosha, hakurudi kliniki. Leo mimi nachuma kahawa, yeye napalilia kaburi lake.

Mwache mkeo alipo. Na miezi sita ikifika, nenda ukapimwe. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako naliandikia hivyohivyo.

Dada yako,
Ferista


Tunduma, 12 Julai 2009

Dada Ferista,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima sana, mia tano na ishirini.

Niliomba baraka, sikuomba mahubiri. Tangu lini mwenye tisini akamfundisha mwenye mia tano? Rubeni ameshampeleka. Baba mkwe aliisoma ile karatasi mbele ya majirani na hakuna aliyenibishia hata mmoja. Nasikia nduguze walipoanza kumtengea sahani, wewe ukaenda kumchukua akae kwako. Hiari yako. Zinazoelea zikae pamoja.

Mambo ya namba usiniandikie tena.

Mdogo wako,
Andongwisye


Igamba, 20 Februari 2010

Baba mtoto,

Hujambo? Nauliza kwa mazoea tu.

Fortunata amejifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu jina linatoka upande wa baba, naye baba mwenyewe yuko Tunduma anajihesabia askari. Nimetoa mimi. Upande wa baba na mimi nimo. Jina sikuandikii, kwa kuwa hukuuliza. Siku ukilitaka, utauliza kama watu wengine.

Mama anameza dawa zake kila siku bila kukosa, mtoto anapewa ya maji. Hawakuhitaji msaada wako na hawauhitaji.

Miezi yako sita ilikwisha mwaka jana. Ulirudi? Au mtu mkubwa kama wewe haendi kupanga foleni na akina mama?

Dada yako,
Ferista


Igamba, 3 Novemba 2011

Andongwisye,

Salamu. Barua ya mwaka jana hukujibu, na simu yangu hupokei. Debe tupu haliachi kuvuma, kwa hiyo wewe ukinyamaza napata wasiwasi. Furahi basi, umenitia wasiwasi.

Barnaba wa pikapu alikuona sokoni. Anasema suruali inakutoroka na umetoboa mkanda tundu jingine, na wanaokuuliza unawajibu ni uchovu wa biashara. Biashara gani hiyo inayomkohoza mtu?

Nakupa habari usizostahili. Mtoto ameachishwa kunyonya, amepimwa mara ya mwisho, hana virusi. Mama yake sasa ana 480. Yule aliyeelea, ndiyo.

Nenda ukapimwe. Nimeshakudharau vya kutosha nikiwa na raha. Usinifanye nikudharau huku nalia.

Dada yako,
Ferista


Tunduma, 9 Machi 2013

Dada Ferista,

Shikamoo dada. Hamjambo huko wote? Wote, nimesema.

Unisamehe mwandiko, naandika nimelala. Kliniki sikurudi hata mara moja. Niliogopa nitakuta imeshuka, nikaishikilia ile ya kwanza. Kila nikikohoa nilijiambia mia tano na ishirini. Juzi nilianguka sokoni, watu wakanibeba hospitali, wakanipima. Nina 41.

Dawa nimeanza. Niko peke yangu chumbani. Mwenye nyumba amenitengea sahani na kikombe, ananiwekea mlangoni. Nakila kile chakula na namkumbuka Fortunata kule Hasamba.

Sasa kwa hesabu yangu mwenyewe, mimi ndiye niliyeleta. Mwambie. Na umuulize kama naweza... hapana, usimuulize kitu.

Mtoto anaitwa nani?

Mdogo wako,
Andongwisye


Igamba, 13 Machi 2013

Mdogo wangu Andongwisye,

Marahaba. Hatujambo wote, na wote nimesema mimi pia.

Siku hii niliingoja. Matusi nilikuwa nimeyaweka akiba tangu ulipomtuma Rubeni na ile karatasi, mengine mazuri sana, ungeyakumbuka. Nilipofika pale ulipoandika kuwa kwa hesabu yako wewe ndiye uliyeleta, yote yakaniishia. Hesabu hiyo ilikuwa ya kijinga ilipomhukumu Fortunata, na ni ya kijinga vilevile inapokuhukumu wewe. Arobaini na moja haijui nani alianza. Inasema askari wako wamebaki wachache na dawa usiruke hata siku moja. Mimi nilianza na tisini, na unaona ninavyokutukana kwa afya njema.

Fortunata hajakusamehe, usije ukajidanganya. Nilimsomea barua yako akiwa anachambua maharage. Aliendelea mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Aje. Atalala upande wako wifi, chumbani kwangu hapana. Jumanne ni siku yangu ya kliniki, tutakwenda naye. Akishindwa kutembea nitamshika." Baadaye nikaona ametoa lile blanketi mlilopewa harusini, ameliweka juani. Na hapa kwangu sahani ni zilezile tunazolia sisi.

Mtoto anaitwa Andongwisye. Nilimpa kwa hasira, nikasema angalau awepo mmoja wa jina hili ninayeweza kumwita akaja.

Barnaba atakupitia Ijumaa asubuhi na pikapu, nimemwambia akuweke mbele. Dawa uzishike mkononi, usizifungashe. Nilikuandikia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Panda hilo gari, unifanye mwongo.

Dada yako,
Ferista